Vifungo vya Mgongoni

Shangazi yangu alishona sare za shule kwa miaka thelathini na nane, na muda wote huo hakuna mtu aliyeruhusiwa kugusa kazi yake. Hata mimi niliyekulia miguuni pa cherehani yake nilipewa kuokota pini tu. Kwa hiyo nesi wa wodi ya watoto njiti alipomrudishia vigauni ishirini na sita, alivyovishona bure na kwa moyo mmoja, sikuthubutu kufungua mdomo.

Kosa lenyewe lilikuwa la fundi hasa. Alitia vifungo mgongoni, vitatu vitatu, vimenyooka kama vya sare, akasahau kwamba watoto wale hulala chali na ngozi yao bado laini mno.

"Mama, vinawachoma," nesi alisema. "Ving'oe, geuza mpasuo uje mbele, utie utepe wa kufungia. Na tunavitaka kesho. Tumebaki na vipande vya mashuka."

"Kesho saa mbili vitakuwa mezani kwako," shangazi akajibu, na tukaenda moja kwa moja dukani.

Muuza vifaa vya ushonaji tunamwita Polepole. Hupima kwa rula ya mbao, akimaliza hupima tena, na foleni ikiguna hupima mara ya tatu. Shangazi alikuwa wa tano, na wote wanne waliomtangulia waliijua hasira yake kabla ya kulijua jina lake. Zamu yake ilipofika alieleza habari yote ya vigauni ishirini na sita vya wodi, duka zima likisikia. Polepole alikata utepe wa pamba, kisha badala ya kuufunga akautumbukiza kwenye beseni la maji ya moto.

"We! Unafanya nini?"

"Dada, hospitali wanafua kwa maji ya moto. Huu usipotangulia kusinyaa, utavuta nguo nzima. Subiri ukauke."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka ukauke."

Uso ulimshuka shangazi. Alijua yule bwana anasema kweli, na jambo hilo angemfundisha mwanagenzi siku ya kwanza. Haraka yake ilikuwa karibu kumtia kwenye kosa la pili. Alikaa kwenye benchi, akafungua mfuko, akaanza kukata nyuzi za vifungo. Lakini alikuwa amevishona kwa uzi uliokunjwa mara mbili, mafundo manne kila kimoja, na macho yake si yale ya zamani. Baada ya nusu saa alikuwa amemaliza vigauni viwili.

Mwanamke mmoja aliyekuja kununua zipu alikaa kando yake, akachukua kigauni bila kuomba. Nilifumba macho.

"Kiweke chini," shangazi alisema.

"Vimebaki ishirini na vinne, mama, na una mikono miwili." Yule mwanamke aligeuza kigauni, akatafuta kifungo. "Wangu alikaa wodi hiyo wiki sita. Alivalishwa shuka iliyochanwa. Nililia zaidi kwa ajili ya ile shuka kuliko kitu kingine chochote."

Shangazi akamsogelea, akamwekea kidole kwenye uzi.

"Kata hapa chini ya kifungo, mwanangu. Usitoboe kitambaa."

Wateja wengine wawili wakavuta viti. Sitawadanganya kwamba shangazi aligeuka malaika. "Unakata uzi au unachinja kuku?" alimfokea mmoja, na duka zima likacheka, yeye mwenyewe akiwemo. Utepe ulipokauka tukashona papo hapo, mimi pia, na hakuna aliyenituma pini. Polepole alipotaka kufunga duka, vilikuwa vimebaki vinne. Shangazi hakuinuka. Polepole akavuta pumzi, akatuwashia taa, akatunga uzi kwenye sindano.

Saa mbili kasorobo asubuhi tulikuwa mlangoni mwa wodi, na mwanamke wa zipu alikuwa ametangulia kufika. Nesi alipitisha kidole gumba ndani ya kigauni cha kwanza, mgongoni, mara mbili. Akaingia nacho, na kupitia kioo tukamwona akimvalisha mtoto aliyezidi kiganja changu kidogo tu, akamfunga utepe kifuani, akamlaza chali.

Mtoto alikunja uso. Shangazi akaacha kupumua. Kisha ule uso ukakunjuka, ngumi zikalegea.

Mwanamke wa zipu alikuwa amegeukia ukuta akilia. Shangazi akamshika mkono, akamrudisha taratibu kwenye kioo.

"Tazama, mwanangu," alisema. "Tazama, amelala."