Silensa ya Pikapu ya Baba

Baba mdogo alitaka kuiuza pikapu siku ya Jumamosi, mimi nikasema haiuzwi. Wazazi wetu walikuwa wamefariki wote wawili. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita nikakaa kwenye meza ya baba ya kutengeneza redio, pale Katandala, na wadogo zangu wanne walikula kwa mambo mawili: redio za watu, na samaki ambao baba mdogo aliwaleta kutoka Kasanga kwa pikapu hiyo.

Sikumlaumu kwa kuogopa. Wiki ile, akishuka mteremko wa kwenda Kasanga, aliondoa mguu kwenye mafuta na injini ikazimika. Breki ikawa ngumu kama anakanyaga ukuta. Aliisimamisha kwa kuiegemeza kwenye ukingo wa barabara.

"Binti yangu, mimi sifii ndani ya kopo," aliniambia. "Mteja yupo, anataka bodi tu."

Fundi wa magari alikuwa ameshatoa hukumu. Kwa malori ya dizeli hakuwa na mpinzani mjini, lakini hii ilikuwa ya petroli na kompyuta, mojawapo ya mitumba iliyotufikia baada ya serikali kutoa ruksa ya kuagiza magari. Silensa yake, yaani mwendo wa injini mguu ukiwa nje ya mafuta, ilipanda na kushuka yenyewe, injini ikihema kama mtu aliyetoka mbio. Dawa ya fundi ilikuwa kukaza skrubu ya silensa, na isiposikia, kuikaza tena.

"Gari hizi haziwezi Ufipa," alisema. "Huku juu hewa nyepesi."

"Mbona mwaka jana iliweza? Ufipa imepanda zaidi?"

Akacheka. "Haya, fundi redio. Fungua boneti ututafutie taarifa ya habari."

Nikafungua. Ijumaa asubuhi yote nilikuwa pale uani, upepo ukinikata vidole. Nilianza na mipira ya hewa, nikaipinda mmoja mmoja nikitafuta ufa. Hakuna. Nikafika kwenye kidude cheusi kilichofungwa ubavuni mwa mlango wa hewa, sensa inayoiambia kompyuta dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Kilikuwa na nyaya tatu. Nilizitazama nikacheka peke yangu: volumu ya redio nayo ina miguu mitatu.

Nilichomoa plagi, nikaunganisha mita yangu ya mshale, nikausukuma mlango wa hewa polepole kwa kidole. Mshale ulitakiwa kupanda taratibu. Mwanzoni kabisa, pale mguu unapokuwa nje ya mafuta, ulidondoka, ukaruka, ndipo ukapanda vizuri. Redio nyingi nilizozipokea zilikwaruza hivyo hivyo, mahali ambapo mwenyewe huiweka sauti kila siku mpaka njia ya kaboni inalika.

Nikakipasua kifuniko kwa wembe, nikasafisha kwa spiriti, nikaukunja kidogo ulimi wa shaba unaoteleza juu ya kaboni ili upite pembeni, kwenye kaboni ambayo haijalika. Nikarudisha, nikawasha.

Injini ikanguruma kama inapanda mlima. Fundi, aliyekuwa ameketi kwenye kizingiti na chai yake, akapiga makofi.

"Sasa punguza sauti, dada! Majirani wamelala!"

Masikio yaliniwaka. Nilizima nikaanza upya, na safari hii niliitazama skrubu aliyoikaza fundi. Ilikuwa na alama ya rangi ya njano ya kiwandani, imekatika katikati kwa jinsi alivyoizungusha. Mlango wa hewa haukuwa unafunga kabisa, na kompyuta iliamini mguu bado uko kwenye mafuta. Niliirudisha hadi vipande vya rangi vikakutana. Nikawasha tena. Silensa ilitulia, chini, sawasawa. Fundi alisogea, akainamia injini muda mrefu.

Baba mdogo alitikisa kichwa. "Hapa uani imetulia. Mteremkoni je?"

"Twende. Nitakaa kando yako."

"Na wadogo zako wabaki na nani?"

"Baba mdogo, kama nisingeiamini, si ningekuacha uende peke yako?"

Jumamosi mteja alipofika kwetu, tulikuwa tumeshaondoka. Kwenye kona ya kwanza ya mteremko baba mdogo aliondoa mguu, na wote wawili tuliacha kupumua. Injini iliendelea. Kona ya pili, hivyo hivyo. Ya nne alianza kunisimulia habari za bei ya migebuka.

Huko Kasanga, mwanamke mmoja muuza samaki alimwuliza baba mdogo kama ni kweli pikapu inauzwa.

"Nani kasema?" alijibu kwa ukali. "Hii ni ya watoto wa marehemu kaka."

Sikumsaidia kujibu. Nilikuwa nimeshaanza kupakia samaki.