Mkeka Usikunjwe Bado

Wasomaji wangu, mwalimu aliyetufundisha Kigiriki cha Injili katika chuo kidogo cha Biblia hapa Kilibula, mtaa wa Uvira, ametutoka. Habari ilinikuta Luberizi, kwenye shamba la mpunga la shangazi, nikapanda gari la kwanza lililokuwa linashuka Uvira. Njiani machozi yananitoka na huku natabasamu, mpaka abiria wa pembeni akaniuliza, "Dada, uko muzima?" Nilikuwa mzima. Nilikuwa nakumbuka neno moja.

Neno lenyewe ni penthountes. Alituandikia ubaoni, akasema ni watu wanaoomboleza, tena si maombolezo ya kufichwa moyoni, ni yale yanayoonekana usoni. Akapiga mstari chini ya mwisho wa neno. "Hapa linasema ni wengi, na bado wanaendelea. Hakuna aliyewaambia wamalize." Mwenzetu mmoja, muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, akainua mkono: "Mwalimu, Kigiriki itanisaidia nini mu soko ya Kalundu?" Akamjibu, "Mu soko, hakuna. Ngoja siku utalia." Darasa zima tukacheka.

Haikupita muda, mume wa mama mmoja wa Kalundu, mbeba mizigo bandarini, akachukuliwa na ziwa, na mwili haukuonekana. Kwetu watu hukaa kilio kwenye mikeka ya kanisa mpaka mazishi, kisha mikeka inakunjwa, kila mtu anarudi kazini. Sasa pasipo kaburi, ikunjwe lini? Wakwe walichoka, shemasi akaja kuichukua. "Mama, inatosha. Mukristo iko na tumaini." Mama akashika ukingo wa mkeka. Mwalimu, aliyekuja na sisi wanafunzi wake, akavua viatu, akaketi juu yake. "Shemasi, huu utaukunja pamoja na miye." "Mwalimu, weye uko muzito, utanivunja mugongo." Hata mama alicheka, halafu akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba umfikie. Shemasi naye akaketi.

Siku hizi tunaharakisha. Msiba mmoja unasukuma mwingine, tunatuma pole kwa simu, tunaendelea na safari. Sisemi watu wamekuwa wabaya, wamechoka. Lakini naamini kabisa kwamba mji unaojua kukaa chini na mtu wake utasimama tena. Naiota Uvira hiyo, na mnicheke tu.

Jana tumemzika mwalimu. Tuliporudi nyumbani kwake, vijana wa kanisa wakaanza kukunja mikeka, kama desturi. Mjane wake alisimama mlangoni kama mgeni kwake mwenyewe. Yule mama wa Kalundu akawapita vijana, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka wa mwisho, akapigapiga nafasi iliyobaki pembeni yake. "Kuja, dada. Bado tuko wengi." Mjane akaja, akaketi, na kilio chake kikapata njia. Mimi pia nikavua viatu. Msomaji wangu, ukiingia penye kilio usiulize kinaisha lini. Uliza nafasi iko wapi, ukae.