Alama za Mtajo za Mwalimu Gichovi

Mwalimu Gichovi wa Kianjokoma alifundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, na kama kuna kitu alichojivunia kuliko ng'ombe wake, kilikuwa alama za mtajo. Mwanafunzi aliyezifungua akasahau kuzifunga alirudishiwa insha ikiwa nyekundu ukurasa mzima. Kilichomo ndani ya alama hizo, aliwaambia, ni maneno ya mwenyewe jinsi alivyoyatamka. Aliwaambia kwa kirefu, maana sauti yake mwenyewe haikuwahi kumchosha.

Mama yake alipofariki, Gichovi alijitwika kuandika wasifu wa kusomwa kanisani kabla hajaombwa. Zilitoka kurasa sita, nne kati yake zikihusu jinsi marehemu alivyomlea mwalimu. Mwishoni aliandika: Mama akanishika mkono, akasema, "Wanangu, pendaneni, mshike elimu na kumcha Mungu." Koma zilikaa mahali pake, nukta ilikuwa ndani ya alama. Aliisoma akalia, kisha akaisoma tena kwa sababu ilikuwa imeandikwa vizuri.

Dada yake Wanjira, aliyemuuguza Mama miezi minane, aliisoma akiwa amesimama jikoni.

"Mama alisema haya lini?"

Gichovi akajitetea kwamba hayakuwa maneno yenyewe hasa, bali kiini chake. Wanjira akamkumbusha kuwa jioni ile ya mwisho walikuwa pamoja kando ya kitanda.

"Wewe ndiye ulikuwa unaongea," alisema. "Ulikuwa unafundisha Mama vile chai hupogolewa, na ni yeye alikufundisha. Andika vile alisema."

Gichovi alikumbuka vizuri alichosema Mama. Alikuwa amekikwepa siku tano. Programu ya mazishi, ambamo wasifu ungechapwa, ilisubiriwa kwa mchapishaji mchana huo. Angeweza kufuta alama za mtajo na kuandika tu kwamba Mama aliwaaga watoto wake, asimdanganye mtu. Lakini aliona haya. Watoto wa watu walikuwa wamenyimwa maksi kwa makosa madogo kuliko hili. Akachukua kalamu nyekundu, akayafuta mawaidha yote, na zile koma nzuri zikaenda nayo.

Siku ya mazishi alisimama mbele ya kanisa lililojaa, akasoma hadi akafika jioni ile ya mwisho: Mama akafumbua macho, akanitazama, akasema, "Gichovi, nyamaza kidogo nisikie mvua."

Kanisa zima likacheka, hata padri. Wanjira alicheka huku machozi yakimtoka. Gichovi alicheka pia, lakini moyo ulimuuma, kwa kuwa jioni ile, mvua ikinyesha juu ya mabati, hakuwa amenyamaza. Alikuwa amemalizia kwanza habari za chai.

Kwenye karatasi zilibaki aya mbili alizokuwa ameongeza za kueleza Mama alikuwa na maana gani. Alizitazama, akaikunja karatasi, akaenda kuketi.