Aandaa hati za ndoa za ughaibuni miaka 26, akwama kwenye hati yake mwenyewe

Saa mbili asubuhi, Zinovia Patrascu anajaribu kukunja cheti cha kuzaliwa cha msichana aliyeketi mbele yake, na cheti kinagoma. Anakigonga mezani, kinalia kama sahani.

"Nani kakutuma ukilaminishe?"

"Mama, shangazi. Alisema kisije kikaharibika."

"Sasa ndiyo kimeharibika. Muhuri utashika wapi, juu ya plastiki? Nenda ofisi ya usajili ukaombe kingine. Na kikitoka, mama yako asikiguse."

Msichana anaolewa Verona, Italia, mwezi wa saba. Anaondoka amenuna, na Zinovia anacheka mpaka miwani inamteleza.

Chumba chake kiko ubavuni mwa stendi ya mabasi ya Soroca, kaskazini mwa Moldova: meza, printa na birika la umeme. Kwa miaka 26 ameandaa humu hati za wanaokwenda kuoana ng'ambo: cheti cha kuzaliwa, hati ya kuthibitisha kwamba mtu hana ndoa nyingine, tafsiri, mihuri. Seti nzima ni lei 900, fedha ya Moldova. Mwezi mzuri humletea seti kumi na mbili, mwezi mbaya mbili.

"Zamani hatukuhitaji karatasi, tulihitaji mapipa ya divai," anasema. "Harusi yangu ya mwaka 1983 ilikwenda siku tatu. Mpiga fidla alilala zizini, akaamka, akaendelea. Siku hizi nawafungia watu harusi kwenye bahasha, naibandika gundi, nakaa hapa kujiuliza walicheza ngoma gani."

Mume wa siku hizo tatu alikuwa Haralampie Gutu, kijana wa kijiji cha juu ya mto. Yeye alitaka mizabibu, Zinovia alitaka mji. Miaka mitano baadaye mahakama ikawaachanisha, na hakuna aliyeoa wala kuolewa tena.

Kisha akaja Ezio, mgane wa miaka 71, dereva mstaafu wa tramu kutoka Padova, Italia. Alifika Soroca kama shahidi wa ndoa ya mpwa wake, Zinovia akawatafsiria, na mzee akawa hataki kuondoka kwenye matango ya chumvi aliyoandaa Zinovia. Leo Zinovia ana miaka 63. Walipanga ndoa Juni 20, katika ukumbi wa manispaa ya Padova.

Februari akaenda kuomba hati yake ya kutokuwa na ndoa, kama alivyowaombea mamia. Karani wa usajili, anayemjua miaka mingi, alirudi na kitabu amekishika kwa mikono miwili.

"Mama Zinovia, utanisamehe. Wewe bado ni mke wa mtu."

Kwa sheria ya wakati ule, Moldova ikiwa bado ndani ya Umoja wa Kisovieti, hukumu ya mahakama haikutosha. Mmoja wa wanandoa alipaswa kuipeleka kwenye usajili, talaka iandikwe. Isipoandikwa, ndoa ipo palepale.

"Nilidhani kaenda yeye," anasema. "Na jambo hilihili nimewaonya watu tangu nianze kazi. Mjinga mimi."

Nakala yake ya hukumu ilipotea katika kuhamahama, na faili la mahakamani halikuonekana. Kufungua kesi upya kungekula miezi mingi, na tarehe ya Padova ingepita. Ilibaki nakala moja tu, ya Haralampie.

Aprili aliniomba mimi ninayeandika haya nimpeleke kwake kwa gari langu. Tulimkuta Haralampie shambani akifunga mizabibu kwa vijiti laini vya mti wa mwerebi.

"Umepotea njia, Zina?"

"Nimefuata karatasi, Lambi. Ile ya mahakama."

Aliendelea kufunga. "Kumbe umejua."

"Kumbe wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikwenda usajili bwana. Nilivaa suti ya harusi, sikuwa na nyingine. Nikakaa kwenye benchi nje ya mlango wao mpaka wakafunga. Kesho yake nikaenda tena, nikakaa tena. Siku ya tatu nikasema basi, nina mizabibu."

"Miaka thelathini na saba, Lambi! Ungeniambia."

"Hukuuliza." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Na nikikunyima?"

"Ukininyima siolewi. Nitampigia Ezio nimwambie asinisubiri."

Mzee aliingia ndani akakaa sana. Zinovia alisimama palepale kwenye tope, mkoba kifuani. Mimi nilitamani kurudi garini, nikaona aibu hata kusogeza mguu.

Alipotoka alikuwa na bahasha ya kahawia.

"Huyo Mtaliano anakula mamaliga, huu ugali wetu?"

"Anakula. Wao wanaiita polenta."

"Basi si mtu mbaya," alisema, akampa bahasha, akarudi kwenye mizabibu yake.

Zinovia alilia kutoka pale hadi mjini. "Nilimpenda, usiandike vinginevyo," aliniambia. "Nilichoka kungoja anifuate, kumbe naye yuko kwenye benchi."

Talaka iliandikwa wiki iliyofuata. Hati zake sasa ziko mezani, zimetafsiriwa na kugongwa mihuri, na tiketi ya basi la Padova ni ya Alhamisi jioni. Chumba hataki kukifunga. Anapanga kurudi kila vuli kwa miezi miwili, kwa sababu Soroca bado itakuwa na wasichana wenye mama wa kulaminisha vyeti.

Usajili ulitoa vyeti viwili vya talaka, kimoja cha kila mmoja. Cha Haralampie kiko kwenye mkoba wa Zinovia. Karani alijitolea kukituma kwa posta, Zinovia akakataa.

"Alhamisi asubuhi nampelekea mwenyewe," anasema. "Mimi niliachika siku nyingi, nimeshazoea. Yule kakaa na mke miaka yote hiyo, ndiyo kwanza anaachwa. Asiachwe na mtu wa posta."