Mpeasi Ndani ya Pipa

Mimi ni mtoto wa Kitale, na huko mapeasi tuliyala mpaka tukayachoka. Nilipoolewa Kanduyi, hapa kando ya mji wa Bungoma, baba yangu alinipa mche wa ule mpeasi mfupi, usiopita kimo cha mtu. Alijua bustani yangu itakuwa kipande tu nyuma ya jikoni.

Hata jembe sijashika vizuri, mama mkwe akanisimamisha. Kwao bibi hapandi mti. Akipanda, ati anajiwekea alama kwa shamba la mume, anamngojea afe. Mboga kama sukuma na kunde nipande nitakavyo, mti hapana. Nikamwangalia mume wangu, naye akaangalia simu yake. Hapo ndipo nilijua nimeolewa na watu wawili, bana.

Mimi nami si wa kushindwa hivi hivi. Nikatafuta pipa la plastiki lililokatwa nusu, nikalitoboa chini maji yasituame, nikajaza udongo na samadi, mpeasi ukaingia. Nilimwambia mama mkwe hiyo si kupanda, hicho ni chombo changu kama sufuria. Akaguna tu. Moyoni nikajiapia: siku nitakayochoka na hii boma, nabeba pipa langu narudi Kitale. Niliposemwa juu ya chumvi, juu ya watoto, juu ya nguo ya kanisani, nilienda nyuma ya jikoni nikaliangalia, nikapumua.

Joto la hapa mpeasi haulipendi. Nikafanya vile baba hufanya: nikafunga mawe kwa matawi yainame, nikang'oa majani yote kwa mkono, mti udhani baridi imekuja na kupita. Majirani walinicheka. Lakini ulichanua, na kiangazi kilichopita ukazaa.

Siku moja nilitoka sokoni nikapata matawi matupu. Mama mkwe alikuwa amewagawia akina mama wa kanisa mapeasi yote, hata moja la kuonja hakuniachia. Alisema cha boma ni cha boma. Nilikasirika. Nikafunga begi, nikaita tuktuk, nikalikumbatia pipa niliinue. Halikusonga. Nikainama kuangalia: mizizi ilikuwa imetokea kwa yale matundu niliyotoboa mwenyewe, minene kama kidole gumba, ikaingia ardhini.

Mama mkwe alikuwa mlangoni ananiangalia. Nilingoja aanze kelele kwamba nimepanda mti. Badala yake akaingia jikoni, akatoka na panga, akaliweka miguuni pangu.

"Ukitaka kwenda nao, kata," akasema.

Udongo ulikuwa mkavu kabisa. Mpeasi uliokatwa mizizi kiangazi haungefika Kitale ukiwa hai, na hilo hata yeye alilijua. Tuktuk ilipiga honi langoni. Nililia hapo chini kando ya pipa, kwa hasira zaidi ya huzuni, kisha nikaenda kumwambia dereva arudi mjini. Niliporudi nilichukua ndoo nikateka maji, maana mti haukuwa umenyweshwa tangu asubuhi.