Nilivyomwombea Bwana Mipango

Mungu amenipa umri mrefu, macho ambayo bado yanasoma misale bila miwani, na wajukuu wanaokuja kunisalimia bila kuitwa. Namshukuru kwa yote. Lakini nikiulizwa ni kazi gani niliifanya kwa bidii kuliko zote katika miaka ya sabini, nitasema kweli: nilimwombea mtu mmoja, na sikumwombea kwa upendo.

Nilikuwa katekista, mwalimu wa dini, wa parokia Kasulu mjini. Kwetu ni kijiji cha Titye. Huko Titye, katika kibanda nyuma ya nyumba ya baba, alikaa dada yangu mkubwa, aliyenifundisha kusoma kwa kuchora herufi kwenye majivu. Alipougua akili alianza kuingia nyumba za watu na kumwaga maji kwenye mafiga yao, na mara mbili aliokotwa karibu na mpaka, hajui alikotoka. Hospitali ya wagonjwa wa namna hiyo ilikuwa mbali, safari ya lori kisha treni, na hukupokelewa bila barua ya daktari na askari wa kukusindikiza. Basi baba alifanya walichofanya wazazi wengine. Alitoboa gogo la mninga, akapitisha mguu wa dada katika tundu, akagongelea kigingi. Tundu lile alilisugua siku nzima ili lisimchubue. Nilimwona akilia huku anasugua.

Mwaka ule hospitali ya wilaya iliomba vyumba viwili, muuguzi mmoja aliyesomea magonjwa ya akili, na dawa zisizokatika. Ikaagizwa kila kijiji kijaze fomu: wenye ukoma wangapi, vipofu wangapi, wagonjwa wa akili wangapi. Ndiyo kwanza tulikuwa tumehamishiwa vijijini, nyumba zimepangwa mistari, nyasi za mapaa bado mbichi, na kila mzee aliogopa karatasi. Walidhani atakayeandikwa atabebwa na gari asirudi, na mabinti wa nyumba yake hawataolewa. Kwa kuwa nilijua kuandika, niliitwa kutoka mjini, kalamu nikashika mimi. Tulipofika kwenye mstari ule, mwenyekiti wa kijiji alisema, "Andika hakuna." Baba alinitazama, kisha akatazama chini. Nikaandika hakuna, kwa herufi zile alizonifundisha dada.

Vijiji vingine navyo viliandika vivyo hivyo. Afisa Mipango wa wilaya, ambaye sote tulimwita Bwana Mipango, alizibeba fomu zile mkutanoni, akazisoma moja moja, hakuna, hakuna, na fungu la fedha za vyumba likaenda kujenga nyumba ya kufikia wageni wa Chama na Serikali.

Nilimfuata ofisini nikamweleza kwamba nilidanganya, na kwamba dada yangu yuko kwenye gogo. Aliweka kalamu chini, akacheka hadi karani wake naye akacheka.

"Mwalimu, sahihi si yako hii? Sasa vichaa wamezaliwa leo?"

"Nimekosa, ndugu. Nimekuja kusahihisha."

"Vyumba vya vichaa! Mkubwa akija kutoka mkoani alale humo? Kichaa halimi tumbaku, Mwalimu. Haji hata mkutanoni kulalamika." Akanisindikiza hadi mlangoni, mkono wake begani kwangu. "Wewe si mtu wa sala? Basi omba."

Mimi ni mtu mtiifu. Nikaomba.

Bwana Mipango alisali kwetu, benchi la mbele, yeye na mkewe. Sala za waumini niliziongoza mimi. Jumapili ile, baada ya kumwombea Baba Mtakatifu na kuomba mvua, nilisema: "Tumwombee Bwana Mipango wa wilaya yetu, anayetujengea nyumba ya wageni yenye magodoro. Bwana amjalie usingizi mwema, na amkumbuke mwanamke wa Titye ambaye mguu wake uko kwenye gogo." Kanisa likaitika, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Mwanzoni watu hawakuelewa. Jumapili ya tatu walikwisha elewa, na waliitika kwa nguvu kuliko walivyoimba wimbo wa Utukufu.

Sikumtukana hata mara moja. Nyumba ilipoezekwa, nilishukuru kwa mabati. Ilipopakwa rangi, nilishukuru kwa rangi. Shingo yake niliijua kuliko misale yangu, jinsi ilivyokakamaa kila niliposema "Tumwombee."

"Leo umemwombea kifupi, Mwalimu," mama mmoja muuza ndizi alinitania nje. "Unaumwa?"

Paroko, mzungu mzee, aliniita sakristia.

"Mwalimu, wewe unaomba au unapiga?"

"Naomba, Baba."

"Mbona yeye anatoka jasho?"

Hakunikataza, Mungu amrehemu.

Dada alifariki kwa kichomi, wiki ileile nyumba ya wageni ilipofunguliwa kwa ngoma. Baba alichomoa kigingi kabla mwili haujaoshwa. Mguu ule ulikuwa mwembamba kama wa mtoto. Jumapili nilisimama nikamwombea Bwana Mipango kama kawaida, nikamshukuru Mungu kwa ngoma.

Baadaye alihamishiwa Kibondo. Watu walisema uhamisho aliuomba mwenyewe. Nilifurahi, furaha ile nimeiungama mara nyingi na bado ipo. Haikupita miezi mingi, makatekista tukaitwa Kibondo kwa semina, na paroko wa kule akatafuta mtu wa kuongoza sala za waumini. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Kanisa lilijaa, pamoja na watu waliokimbia Burundi na kuingilia Mabamba, mpakani. Bwana Mipango alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Niliposema "Tumwombee," akainua kichwa kama aliyeitwa mahakamani.

Alinisubiri nje, kofia mkononi.

"Mwalimu, unataka nini kwangu? Sema."

"Sitaki kitu, ndugu. Uliniambia niombe."

"Dada yako anaendeleaje?"

"Tumemzika. Kwanza tulimtoa kwenye gogo."

Nilimtazama machoni nikingoja machozi. Niliona ni haki yangu, nilikuwa nimeyafuata hadi Kibondo. Akasema polepole, safari hii bila kucheka:

"Pole sana. Na yule aliyeandika hakuna, Mwalimu, yeye unamwombea lini?"

Nilirudi Kasulu kwa lori, juu ya marobota ya tumbaku, vumbi hadi kwenye meno. Dawa zile zilifika wilayani miaka mingi baadaye, na nashukuru kwa kila aliyezipata.

Jumapili iliyofuata niliwaombea wote wawili kwa pamoja, Bwana Mipango na mwandishi wa Titye. Watu waligeukiana, maana mwandishi walimjua. Kiitikio kilikuja kwa kuchelewa, na kwa sauti ya chini. Lakini Bwana Mipango nilimtaja kwanza, kwa cheo chake chote.