Ukungu Kwenye Daftari la Jiografia

Naona aibu kuandika hili, lakini acha niandike. Darasani hakuna aliyejua kwamba natumia dawa za ugonjwa wa akili. Ya kwanza ilininyima usingizi, ya pili ikanitetemesha mikono, na hii ya tatu inanifanya nielee taratibu kama unyoya. Daktari aliniambia niandike kwenye daftari kila siku ninavyojisikia. Daftari hilo nililijaladia kaki, sawasawa na lile la Jiografia tunaloandikia hali ya hewa.

Juzi madaftari ya Jiografia yalikusanywa. Nikatoa moja kwenye begi bila kulitazama, mawazo yakiwa mbali huko.

Mwalimu akalifungua mbele yetu, akasoma. "Jumatatu: ukungu mzito tangu asubuhi. Ukungu? Dodoma hii, kiangazi hiki?"

"Labda anakaa milimani Lushoto, mwalimu!" akadakia Baraka.

Darasa zima likacheka. Hata mimi nilicheka, polepole, kama ninayeota.

Mwalimu akaendelea kwa sauti ileile: "Jumanne: daktari amenipunguzia kidonge, na ukungu umeanza kunitoka kichwani."

Hapo sauti yake ikafifia. Akalifunga daftari, na wote wakageuka kunitazama.